Shifoni, Ndugu wa Tambara

Shangazi yangu alipokuwa akishona shifoni, hakuna aliyethubutu kufungua mlango. Upepo mdogo tu, kitambaa kimeshateleza mezani. Alikitandaza juu ya karatasi nyembamba, akakibana kwa pini, akakata vyote viwili pamoja na kuvishona pamoja, kwa sindano nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo. Karatasi aliichana mwishoni, taratibu, asivute hata uzi mmoja.

Baadaye sana nikajua kwamba kwa Kifaransa jina la kitambaa hicho maana yake ni tambara. Chiffon ni kile kipande cha kufutia meza, nguo iliyokwisha kazi. Muokota matambara wa Paris aliitwa chiffonnier, mtu wa kapu mgongoni na fimbo yenye kulabu mkononi. Manet alimchora mmoja wao, Baudelaire akawatungia shairi, nami naona walistahili: kabla viwanda havijageukia miti, karatasi ilitengenezwa kwa matambara, na kurasa nyingi za vitabu vya Ulaya zilianzia kwenye makapu kama hayo. Mwaka 1883 Eugène Poubelle, mkuu wa mkoa wa Seine, alipoamuru nyumba ziwe na mapipa ya taka yenye mifuniko, waokotaji walipiga kelele. Riziki yao ilikuwa ikifunikwa.

Neno lilitokaje jaani likafika mabegani mwa bibi harusi? Lilipita kwenye wingi wake. Chiffons yakawa riboni, lesi na mapambo ya wanawake. Hadi leo Mfaransa akitaka kusema watu wanazungumzia mavazi, husema wanazungumza chiffons. Waingereza wakalichukua kwa maana hiyo ya mapambo, na karne ya 19 ilipokuwa ukingoni wakaipa jina hilo hariri nyepesi inayopitisha mwanga. Kwetu likawa shifoni. Wafaransa wenyewe kitambaa hicho hukiita mousseline, kwa jina la mji wa Mosul, Iraki.

Mswahili hana haja ya kushangaa. Tambara na kitambaa, ukiyatamka kwa kufuatanisha, utasikia udugu wao.

Uzi wa shifoni husokotwa mno, mmoja kuelekea kulia, mwingine kushoto, ukapishana hivyo kwenye mtande na kwenye mshindio. Kwa msokoto huo nyuzi hujikunja kidogo, na ndiyo sababu ukiipapasa unahisi ukwaruzo mdogo kama wa mchanga laini. Leo nyingi si hariri tena, ni poliesta, lakini ukaidi wake mezani ni uleule. Huteleza, hunyambuka kingo, na zaidi ya yote haimfichii fundi. Nguo nzito husitiri mshono mbaya kwa ndani. Hapa ndani kunaonekana kutokea nje. Kwa hiyo shangazi alishona kila mshono mara mbili: kwanza upande wa nje, akapunguza ukingo, akageuza nguo, akapiga wa pili ulioufungia wa kwanza ndani yake. Pindo la mtandio alilisokota kwa ncha za vidole alizozilowesha ulimini, likawa jembamba kama unyasi.

Vipande vilivyobaki hakuvitupa. Alivikusanya kwenye mfuko uliokuwa ukining'inia kwenye cherehani, na jioni, kabla ya kuifunika, alichomoa kimoja akaifutia vumbi.