RIMIKSI: NANI KAONDOLEWA?

Nianze na harusi. Ilikuwa hapa hapa Pujini, usiku, spika zimefungwa kwenye mnazi na vijana tumejaa uwanjani. DJ akapiga rimiksi ya "Kijiti". Ngoma nzito, kinanda cha kompyuta, na ile sauti ya kizee imekatwakatwa mpaka limebaki jina tu, Kijiti, Kijiti, Kijiti. Tukaruka, na mie nikiwa wa mbele. Bibi yangu alikuwa kakaa kibarazani, akaniita.

"Mjukuu wangu, mnamchezea maiti ngoma?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kumbe mie wimbo nilikuwa siujui. "Kijiti" ni wa Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili. Ni kisa cha kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja, muuaji akatoroka, na kesi ikageuka kuwaelemea wanawake waliosimama mashahidi. Bi Kidude, aliyefariki 2013, aliuimba tena kwa sauti yake ya mkwaruzo. Hawa wawili walimbeba marehemu mpaka mwisho wa wimbo. DJ wetu kamwacha njiani, kamchukua muuaji peke yake.

Je, kosa ni la rimiksi? Wazee wengi watasema ndiyo, wizi mtupu. Mie nnasema tutazame kwanza ilikotoka.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Jamaica, bwana mmoja mwenye disko, Ruddy Redwood, alikatiwa santuri ya wimbo wa kundi la The Paragons. Fundi akasahau kuiweka sauti ya mwimbaji, ikabaki muziki mtupu. Redwood akaipiga hivyo hivyo, na watu ukumbini wakaimba maneno wenyewe! Hapo ndipo mafundi kama King Tubby walipopata mlango wa kuuvunja wimbo na kuujenga upya. New York nao wakaja na lao. Mwaka 1976 Walter Gibbons aliunyoosha wimbo "Ten Percent" wa Double Exposure kwenye santuri ya inchi 12, ili mchezaji asikatishwe utamu.

Baadaye maana ikahama. Msanii akawa anachukua kipande cha mwenziwe na kujengea nyumba yake. Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja 1946, walitoa "Under Pressure" pamoja na David Bowie mwaka 1981. Vanilla Ice akalichukua lile gitaa la besi kwa "Ice Ice Baby" ya 1990, na majina ya wenyewe yakaja kuandikwa baada ya mzozo. Mwaka 1991 Saleh Jabir wa Dar es Salaam akachana Kiswahili juu ya mdundo huo huo. Tazama safari hiyo! Na leo kwenye Bongo Fleva rimiksi imekuwa kumwalika mgeni, kama Diamond Platnumz alivyomwita Davido wa Nigeria kwenye "Number One". Neno lililoanza kwa kumtoa mwimbaji sasa maana yake ni kumwongeza wa pili.

Basi kutoa si dhambi, na kuongeza si sifa. Nnavyoona mie, la kuuliza ni hili: kilichotolewa kimebaki kwa nani? Kule Jamaica sauti iliondolewa, lakini maneno yalikuwa vifuani mwa watu, wakaliziba pengo kwa midomo yao. Pale Pujini maneno yaliondolewa mbele yetu sisi tusioyajua. Pengo likazibwa na miguu. Offside Trick, vijana wa Unguja, walifanya vyema kwenye "Ahmada". Walimtia Bi Kidude mwenyewe ndani ya wimbo, sauti yake ikasikika nzima, na kijana asiyemjua akauliza, huyu ni nani? Rimiksi ikikufanya uuliziye wimbo wa zamani imefanya kazi. Ikikufanya usiwe na haja ya kuuliza, basi imezika.

Waandishi wenzangu, msidhani haya ni ya wanamuziki tu. Mie naandika riwaya juu ya Mkama Ndume, mtawala wa ngome yetu hii ambayo kuta zake zimebaki magofu. Nimemfanya shujaa, ana upanga na mapenzi. Siku ya pili ya ile harusi nilimsomea bibi sura tatu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Na wabeba mawe wako wapi?"

Masimulizi ya kwetu yanasema Mkama Ndume aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ngome vichwani huku wakijiburura kwa makalio. Kila mtoto wa Pujini kalisikia hilo. Mie nililitoa kwa kuwa liliharibu mapenzi ya shujaa wangu. Yaani nilimcheka DJ wa watu, na daftari langu limefanya lile lile.

Sura tatu nimezichana. Naanza upya, na safari hii naanzia kwenye mawe.