Wakili Asiyekuwapo: Hukumu ya Shylock katika *Mabepari wa Venisi*

Mwaka 1969 Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, akaiita *Mabepari wa Venisi*. Hapo kale neno "bepari" lilimaanisha mfanyabiashara tu. Kufikia wakati huo, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilikwisha kubeba maana ya mnyonyaji. Ni rahisi, basi, uhakiki kuelemea upande wa mali na kulipita suala la sheria.

Aghalabu Portia husifiwa kuwa wakili hodari. Sifa hiyo haina msingi. Portia si mwanasheria. Amevaa mavazi ya kiume na kujifanya daktari wa sheria kwa msaada wa binamu yake, Bellario. Hakuja kumtetea Antonio, bali kuishauri mahakama, na kwa kweli ndiye anayeamua. Tena Antonio aliweka rehani ratili ya nyama ya mwili wake kwa ajili ya Bassanio, ambaye sasa ni mume wa Portia. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Iko kasoro kubwa zaidi. Shylock aliingia mahakamani akiwa mdai. Dai lake linapoanguka, Portia anatoa sheria inayomhusu mgeni aliyekusudia kumwua raia, na papo hapo mdai anageuka mshtakiwa wa jinai. Mali yake yamo hatarini, na uhai wake umo mikononi mwa mtawala. Hapewi muda wa kujitayarisha, wala hakuna hata mmoja anayesimama upande wake. Antonio, aliyekuwa mdaiwa, ndiye anayependekeza kwamba Shylock abadili dini.

Yumkini itajibiwa kwamba sanaa si kumbukumbu za mahakama, na kwamba kisa cha deni la nyama kilikuwamo katika hadithi za Kiitalia kabla ya Shakespeare. Ni kweli, na lawama hapa haimwangukii mtunzi. Inamwangukia mhakiki anayeshangilia pamoja na umati wa jukwaani. Msomaji asiyetambua kwamba wakili wa Shylock hayupo ndiye huyo huyo anayeuliza, nje ya kitabu, kwa nini mwuaji atetewe.

Swali hilo lilijitokeza London mwaka 1840. François Courvoisier, mtumishi aliyeshtakiwa kumwua bwana wake, Lord William Russell, alimkiria wakili wake Charles Phillips katikati ya kesi kwamba ndiye aliyeua, na bado akataka atetewe. Jaji Parke alimshauri Phillips kwamba hana budi kuendelea. Courvoisier alinyongwa mwaka huo huo, lakini Phillips alishutumiwa kwa miaka mingi kwamba aliwatupia shuku watumishi wengine. Shutuma hiyo yaonyesha mpaka wa kazi yenyewe: wakili aweza kuupima kila ushahidi wa mashtaka, hata akijua mteja wake ana hatia, hana ruhusa ya kumsingizia asiye na kosa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 50, inampa kila mshtakiwa haki ya kuhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na haki ya kuwakilishwa na wakili. Haki hiyo haikuwekwa kwa ajili ya Antonio, mwenye marafiki tele mahakamani. Iliwekwa kwa ajili ya mtu kama Shylock, anayechukiwa na wote waliomo. Mwalimu anayeifundisha tamthilia hii na awatake wanafunzi wamwandikie Shylock utetezi. Hapo ndipo watakapoona kilichokosekana Venisi.