Sanamu za Nairobi na Majina Yasiyoandikwa

Mgeni afikapo katika mji mkuu wa nchi yoyote, kwa desturi huonyeshwa kwanza majengo marefu, kisha masoko, na mwisho, kama mwenyeji wake ana subira, huonyeshwa sanamu. Mpango huo umepinduka. Majengo marefu hutuambia wenye mali wana nguvu kiasi gani, na masoko hutuambia watu wanakula nini. Lakini sanamu hutuambia mji umechagua kumkumbuka nani, na kwa hiyo umekubali kumsahau nani. Sanamu husomwa kama kitabu kisomwavyo. Ina maana, ina mtindo, tena ina makosa, na mwanafunzi aliyefundishwa kuhukumu shairi au hadithi hana sababu ya kuiogopa.

Natoka Riruta, upande wa magharibi wa Nairobi. Kwetu hakuna sanamu hata moja. Pana maduka, makanisa, shule, vumbi la kiangazi na tope la masika, na matatu zinazoita abiria tangu alfajiri. Zamani ardhi hii ya Dagoretti ilihesabiwa kuwa nchi ya Wakikuyu nje ya mipaka ya mji, na babu zetu walipokwenda Nairobi walikwenda kama watu waendao ugenini, na kipande shingoni. Pengine ndiyo sababu nazitazama sanamu za mjini kwa jicho la mgeni, hata leo.

Historia ya mji wenyewe ni fupi. Wamasai waliliita bonde hili kwa jina la maji baridi. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwezi wa Mei 1899, wahandisi wakaona panafaa kuweka karakana kabla ya kuupanda mteremko mkali wa nchi ya Wakikuyu, na karakana ikazaa mji. Mwaka 1905 makao ya serikali yalihamishwa kutoka Mombasa yakaletwa hapa, na mwaka 1950 Nairobi ikapewa cheo cha jiji. Mji ulioanza kama ghala la vyuma haukuwa na kaburi la mfalme wala lango la kale la kujivunia. Kila kumbukumbu ilibidi itengenezwe, na aliyekuwa na mamlaka ndiye aliyeitengeneza. Hivyo barabara kuu ilipewa jina la Lord Delamere, na sanamu yake ikasimamishwa hapo. Uhuru ulipofika mwaka 1963 sanamu ikaondolewa, na barabara ikaitwa Kenyatta Avenue.

Lakini sanamu moja ya wakati wa Waingereza haikuondolewa, nayo iko katika barabara hiyo hiyo. Ni ile ya watu watatu wa shaba, iliyochongwa na James Alexander Stevenson na kusimamishwa mwaka 1928 kwa ukumbusho wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja ni askari wa King's African Rifles, mmoja ni askari wa Kiarabu, na mmoja ni mchukuzi wa mizigo. Maneno yaliyoandikwa chini yake yasemekana yalitungwa na Rudyard Kipling, mtunzi mashuhuri wa Kiingereza. Yanawasifu wachukuzi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Tuanze na sifa zake, maana mhakiki asiyeweza kusifu hana haki ya kulaumu. Nyuso zile ni za watu, si vinyago vya kuchekesha kama ilivyokuwa desturi ya picha nyingi za Waafrika siku zile. Mchukuzi amewekwa pamoja na wenye bunduki juu ya jiwe moja. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa mchukuzi hakuwa na cheo, hakuwa na nishani, na mara nyingi hakwenda kwa hiari yake. Alishikwa kijijini akatiwa katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, akabebeshwa mzigo hadi Tanganyika na hata kupita huko. Makumi ya maelfu yao walikufa, na waliouawa kwa maradhi, uchovu na chakula kibaya walizidi kwa mbali waliouawa kwa risasi. Mchongaji aliyemkumbuka mtu huyo mwaka 1928 anastahili heshima.

Kosa liko katika maneno. Jiwe linaahidi kwamba jina litakumbukwa, na juu ya jiwe hilo hilo halikuandikwa jina la hata mchukuzi mmoja. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wangu mjini, tukasimama pale magari yakitupita huku na huku, nami nikawasomea maandishi kwa sauti kubwa kama nilivyofundishwa katika chuo cha ualimu. Nilipomaliza, msichana mmoja mdogo wa kimo aliuliza, "Mwalimu, huyu mwenye mzigo anaitwa nani?" Nilimjibu kwamba ni mfano wa watu wengi. Akasema, "Basi wanawe watamkumbukaje?" Sikuwa na jibu, na tulipopanda gari kurudi Riruta bado sikuwa nalo.

Swali lile lilinigusa kuliko alivyojua. Katika ukoo wetu alikuwako mtu aliyechukuliwa katika vita hivyo asirudi. Kwa mila yetu ya Kikuyu, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na hivyo jina la mtu yule limeshuka mpaka kwa kaka yangu, ambaye hujibu akiitwa bila kufikiri kwamba anajibu kwa niaba ya marehemu. Basi ahadi ya jiwe imetimizwa, ila si na jiwe wala na serikali iliyoliweka. Imetimizwa na wanawake waliozaa na wazee waliotoa majina. Waliotoa ahadi walijisifu kwa kazi iliyofanywa na wengine.

Msomaji anaweza kusema kwamba nawaonea Waingereza wa kale, kwa kuwa watu walikuwa wengi mno na orodha hazikuwekwa vizuri. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama wangefanya hivyo kwa wafu wao wote. Lakini tume ya makaburi ya vita ya Uingereza ilijiwekea kanuni kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake, bila kujali cheo. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwa na sehemu katika jambo hilo. Kutoka kwetu Riruta, ukifika Dagoretti Corner ukashika njia ya kulia badala ya kwenda mjini, utayafikia makaburi ya Vita vya Pili kando ya Ngong Road. Huko karibu kila askari ana jiwe lake na jina lake, Mwafrika na Mzungu. Basi lilikuwa jambo linalowezekana.

Tukitembea kidogo kutoka Kenyatta Avenue twamkuta Dedan Kimathi katika barabara iliyopewa jina lake. Sanamu hii ni kazi ya Kevin Oduor, Mkenya, na ilifunuliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi aliponyongwa katika gereza la Kamiti. Kwa muda mrefu picha yake iliyojulikana sana ni ile aliyopigwa amelala, amejeruhiwa, na pingu mikononi, siku za kukamatwa kwake mwezi wa Oktoba 1956. Picha ile ilipigwa ili watu wamwone ameshindwa. Mchongaji amemwinua, akamsimamisha wima, akampa bunduki na jambia. Ndiyo maana naiita kazi nzuri: inaijibu picha ya adui bila kutumia neno. Kaburi la Kimathi halijulikani mpaka leo, na kwa watu wake shaba ile yafanya kazi ya kaburi.

Sanamu ya Tom Mboya, iliyosimamishwa katika Moi Avenue mwaka 2011, hainiridhishi vivyo hivyo. Mahali pamechaguliwa vema, maana ni karibu na duka la dawa alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Lakini wamemzungushia ndege aina ya heroe, mapambo juu ya mapambo, hata jicho halijui litue wapi. Mboya alikuwa mtu wa maneno makali na hesabu safi. Alipanga safari za mamia ya vijana kwenda kusoma Marekani. Mtu wa namna hiyo hahitaji ndege ili aonekane. Kuhusu sanamu ya Mzee Kenyatta aliyeketi mbele ya jengo la mikutano la KICC tangu 1973, na ule mnara wa Nyayo wa 1988 wenye mkono ulioshika fimbo, sitakawia: hizo zilisimamishwa watawala wangali hai, na sifa anayopewa mtu akiwapo mwenyewe hupimwa kwa mizani nyingine.

Afadhali nikae kidogo katika Uhuru Park, penye kumbukumbu ya Mau Mau iliyofunuliwa mwezi wa Septemba 2015. Gharama zake zililipwa na serikali ya Uingereza, baada ya kukubali mwaka 2013 kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Inamwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, na nyuso zao zimegeuzwa ili wasitazamane. Hapa pia hakuna jina, nami silaumu. Watu hawa walijificha majina kwa hiari, kwa kuwa aliyemjua mwenzake angeweza kumtaja chini ya mateso. Kutojuana kwao ndiyo silaha yao, na mchongaji ameielewa silaha hiyo. Mchukuzi wa 1914 hakuficha jina lake. Alilitaja akiandikishwa, na aliyeshika kalamu akalipoteza.

Kwamba mji huu waweza kuandika majina, umekwisha kuonyesha. Penye njia panda ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, pana bustani ndogo, na ukutani yamechongwa majina ya waliokufa Nairobi, zaidi ya 200: makarani, wapita njia, wanafunzi, wote sawa. Nimewaona watu wakilitafuta jina moja kwa kidole, wakilipata, wakasimama. Sijamwona mtu akifanya hivyo Kenyatta Avenue.

Wachukuzi wameachiwa neno moja tu. Lile jina la kikosi chao lilitafunwa na midomo ya watu likawa Kariokor, na soko na mtaa vinaitwa hivyo mpaka sasa, kama Kariakoo ya Dar es Salaam. Muhula uliopita niliwapa wanafunzi kazi ya kuuliza nyumbani kama ukoo wao ulitoa mtu kwenda Kariokor ya vita. Wengi walirudi mikono mitupu. Kumi na mmoja walirudi na majina, nami nimeyaandika katika daftari la mistari, pamoja na lile la kwetu. Yule msichana ameleta mawili.