Mikono Iliyotangulia

Anayetaka kuiona injini ya Honda CG125 hana haja ya makumbusho. Asimame tu pale watu wanapopanda kutoka feri upande wa Likoni, Mombasa, penye steji ya bodaboda, ainame atazame chini ya matangi ya pikipiki zinazongoja abiria. Zile zilizotoka China, nyingi zimebeba injini ya ukoo uleule ambao Honda ilianza kuuuza mwaka 1976: silinda moja, na fito mbili nyembamba zinazopanda ubavuni kwenda kusukuma valvu. Zile za cc 150 zimepanuliwa tundu la silinda kutoka milimita 56.5 hadi 62. Safari ya pistoni, juu na chini, bado ni milimita 49.5, vilevile ilivyopimwa Japani karibu miaka 50 iliyopita.

Kwa hiyo mtu akinikuta uani, Honda yangu kuukuu imetandazwa juu ya gunia, akaniuliza spea nitazipata wapi, mimi humwonyesha barabarani. Spea hazinisumbui. Namba ya pikipiki hii ni ya zile za kabla ya 1989, zisizo na herufi ya mwisho, na tangu hapo imefunguliwa na kufungwa na mafundi ambao sitawajua kamwe. Kinachoniweka uani kila jioni ni kuamua, katika yote waliyoyafanya, kipi kibaki na kipi kiondoke.

Injini yenyewe ina asili inayotuhusu. Pikipiki ndogo za Honda za wakati ule ziliwekwa kemshafti juu kabisa ya injini, ikizungushwa na cheni yake. Mpango mzuri, mradi oili iwe safi. Lakini katika nchi za joto ambako Honda ilikuwa ikitafuta soko, mtu alinunua pikipiki ya kubebea mzigo, mke na watoto, na oili aliiongeza ilipopungua, habari ya kuibadilisha hakuna. Kemshafti zikalika. Wahandisi wangeweza kuchapisha kitabu kingine cha maelekezo, kisha wakamlaumu mteja kwa kutokisoma. Wao wakaishusha kemshafti chini kwenye oili, ile cheni ya juu wakaiondoa kabisa, na cheni ya gurudumu wakaifungia ndani ya bati mchanga usiifikie. Kwangu hiyo ni adabu ya juu katika uhandisi: kumchukua mtu kama alivyo, na mzigo wake, na uvivu wake.

Wapo wanaoidharau bodaboda kwa kuwa ni nakala. Hao hawajui pikipiki zimetoka wapi. Wajerumani walikuwa na DKW RT125. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mchoro wake ukachukuliwa kama fidia ya vita. Waingereza wakaitoa kwa jina la BSA Bantam mwaka 1948, Warusi wakaiita Moskva, Harley-Davidson wakatoa yao huko Marekani, na pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, ikafuata mchoro uohuo. Wachina wameingia kwenye foleni ndefu. Nasi tulifunguliwa mlango mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250, na mitaa ya Kisauni, Changamwe na huku kwetu ikajaa. Pamoja na pikipiki wakaja mafundi. Leo kijana wa Mlaleo anafunga tapeti za injini hii akiongea na simu, na huenda CG halisi hajapata kuigusa.

Adui tuliye naye hapa pwani ni hewa. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hunyonya unyevu, hivyo chuma kinalowa hata siku isiyo na wingu. Kroma ya rimu na ya ekzosi ni ngozi nyembamba mno; ikipata tundu lisiloonekana kwa macho, kutu huingia chini yake na kuibambua kutoka ndani. Bati ulilolisugua msasa jioni, kama hukulipaka praima, asubuhi limeshageuka rangi ya chai. Mbaya zaidi ni pale metali mbili zinapokutana. Skrubu ya chuma ikikaa ndani ya aluminiamu ya injini, chumvi na maji huzifanya betri ndogo, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Unakuta unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu, na skrubu yenyewe haitoki hata kwa dua.

Hapo ndipo utakapokutana na fundi wa kwanza. Skrubu za nyota za Kijapani zina umbo lao; bisibisi ya nyota tuliyoizoea haizami hadi mwisho, inapanda na kula kingo. Fundi wa zamani hakulijua hilo, au alilijua na hakuwa na bisibisi nyingine. Basi akachukua patasi na nyundo, akagonga pembeni mpaka skrubu ikazunguka. Alama zake zipo hadi leo kwenye kifuniko cha klachi, zote zimeelekea upande mmoja. Mimi hupasha joto aluminiamu kwanza, kisha natumia bisibisi ya kupigwa nyundo iliyo na ncha ya Kijapani, na skrubu hulegea kwa mlio mkavu ambao ukishausikia hutausahau. Mwenzangu wa patasi simlaumu. Huenda alikuwa na mteja aliyesimama mbele yake, anataka kuwahi feri.

Lakini kuna wa kulaumiwa. Yuko aliyechokonoa jeti ya kabureta kwa waya. Jeti ni kijitundu kwenye shaba laini, kimepimwa kiwandani, na kazi yake yote ni ule upana wake. Ukipitisha waya kinapanuka, na tangu siku hiyo pikipiki inakunywa petroli na plagi inatoka nyeusi. Yuko aliyeona uvivu kukata gasketi akamimina silikoni, ikafura kwa ndani, vipande vikaanza kuelea kwenye oili. Kazi za namna hii nazing'oa bila huruma.

Halafu kuna zile zinazokufanya uweke spana chini utazame. Mguu wa kuegeshea ulikuwa umechomelewa kipande cha bati pana chini yake, kimekatwa mviringo na kulainishwa kwa tupa. Kiwandani hakuna kitu hicho. Aliyekichomelea aliishi penye mchanga, pengine njia ya Mtongwe au Timbwani, akaona pikipiki zinavyozama mguu na kuanguka usiku. Waya zinapopinda shingoni mwa usukani zimevishwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili chuma kisizikate. Tyubu imekauka, waya ndani ni nzima. Na keria ya nyuma ni nondo tupu, imepindwa kwa mkono, imebeba makreti miaka mingi hadi rangi ikaisha pale kreti linapokaa.

Katika maonyesho ya pikipiki za kale huko Ulaya na Marekani, hakimu hupita na kalamu akitafuta chochote ambacho hakikutoka kiwandani, na kila akionacho ni alama zimepungua. Nafahamu mantiki yake. Bila watu hao tusingejua rangi ya kwanza ilikuwa ipi wala kibandiko kilikaa wapi. Ila kwa hesabu yao ule mguu wa mchangani ni kosa, na hapo ndipo tunapoachana. Nadhani Unguja wanaelewa zaidi; Vespa za zamani kule bado zinatumwa sokoni, na kila moja imetengenezwa na mtaa wake. Kiwanda kiliijua pikipiki hii siku chache tu kabla ya kuipakia melini. Hawa wengine ndio walioishi nayo.

Silinda niliipeleka Changamwe. Upande ule wa bara ndiko ulikobaki ufundi wa kukereza, kwa sababu ya bandari, reli na viwanda. Kiwanda cha kusafishia mafuta kilichofunguliwa mwaka 1963 peke yake kililea mafundi wa kila aina, hadi kilipoacha kusafisha mwaka 2013. Mzee niliyemwendea ana mashine iliyochakaa rangi na mkono usiotetema. Aliipima silinda juu, kati na chini, akaonyesha kwa ukucha ukingo uliochongwa na ringi pale pistoni inapogeukia. Nikamwambia akate hatua ya pili, milimita 0.50, pistoni nitainunua baadaye.

"Niletee pistoni kwanza, mwanangu," akasema. "Silinda hukatwa kwa pistoni iliyo mkononi. Hiyo iliyoandikwa kwenye boksi mimi siijui."

Ana haki. Nafasi kati ya pistoni na ukuta ni sehemu chache za mia za milimita, na kilichoandikwa kwenye boksi hakiaminiki kwa kiasi hicho. Nikaenda nikarudi na pistoni. Alipomaliza kukata akapitisha mawe ya kusugulia, yakaacha mikwaruzo myembamba inayokatana ukutani. Mgeni angedhani kazi imeharibika. Mikwaruzo hiyo ndiyo inayoshika oili na kuzizoesha ringi mpya. Ukuta ukiwa laini tangu mwanzo, ringi hazikai, na moshi hautakwisha.

Nilikuwa nimebeba pia mkono unaoshika gurudumu la nyuma, nitengenezewe bushi mpya. Ndani zilikuwemo za shaba, si za kiwandani. Mzee akaitoa moja, akaifuta, akaielekeza mlangoni kwenye mwanga. Ndani ilikuwa imechongwa mfereji wa mzunguko wa kupitishia grisi, safi, kingo zake zimevunjwa makali.

"Huyu alikuwa mtu wa reli," akasema. "Ama meli. Wa mtaani hachongi mfereji kwa bushi ya pikipiki."

Akapima uchakavu wake, akanirudishia zote mbili. Akakataa kunitengenezea nyingine. Nilizipaka grisi nikazirudisha zilipokuwa, na kusema kweli zinafanya kazi vizuri kuliko zile za dukani.

Tangi nalo ni habari ya peke yake. Kutu ya ndani ya tangi huwezi kuifikia kwa msasa. Wengi hutia kokoto na kutikisa mpaka mikono ife ganzi. Mimi natumia magadi, yaleyale ya kulainishia maharagwe yanayouzwa Kongowea, kutoka Ziwa Magadi ambako kampuni ya Magadi Soda ilianza mwaka 1911 na kujengewa reli ya kuyaleta bandarini. Petroli inaoshwa kwanza, isibaki hata harufu. Unajaza maji ya magadi, unaning'iniza kipande cha nondo mdomoni mwa tangi bila kugusa popote, chanya ya chaja ya betri kwenye nondo, hasi kwenye tangi. Vinapanda viputo vya haidrojeni, kwa hiyo ni kazi ya uani na hakuna sigara. Nondo isiwe ya chuma kisichoshika kutu, maana hiyo hutoa sumu ya kromiamu majini. Umeme unaigeuza kutu kuwa unga mweusi unaotoka kwa kusuuza, na chuma kizima hakiliwi. Asidi ya siki haina adabu hiyo. Inakula kutu, na ukiisahau inakula na tangi.

Rangi ni suala la kalenda. Wakati wa masika, kusi ikianza, rangi inayokauka upesi hunasa unyevu na kufanya ukungu mweupe. Ngoja kaskazi, paka umande ukishakauka na upepo wa mchana haujaanza kuinua vumbi. Mengine ni subira ya msasa wa maji, na sina la kuongeza. Keria sikuipaka. Niliifuta kwa mafuta tu.

Kufunga injini ni raha ambayo mwenye haraka haipati. CG za mwanzo zina umeme wa volti 6 na pointi, kabla ya mwasho wa kielektroniki wa CDI. Uwazi wa pointi ni kama unene wa kadi, tapeti ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi. Bodaboda wengi hufunga tapeti kwa kusikia, na mara nyingi husikia sawa. Nilimwita mmoja wa jirani asikilize baada yangu. Alipiga kiki mwenyewe, akainamisha kichwa, akasema ya ekzosi imebana. Nikaipima tena: ilikuwa imebana.

Oili ya kwanza baada ya ringi mpya huimwaga mapema, ikiwa bado na unga wa chuma unaometameta, kisha naibadilisha kwa ratiba ambayo wahandisi wa Honda hawakuitegemea kwa mtu wa huku. Jambo moja nimelifanya ambalo hakimu wa maonyesho angelikataa, na huenda yule mtu wa reli naye pia. Skrubu za nyota za kifuniko cha klachi nimezitupa, nikaweka bolti za alen, grisi ya kutosha kwenye kila uzi. Zinatoka kirahisi sasa, patasi haihitajiki. Atakayeifungua baada yangu aamue mwenyewe kama ataziacha.