“Ukuta wa Moto” na “Sera ya Kikundi”: Istilahi Mbili Zisizofaa

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizoingia katika Kiswahili bila ya kupimwa, zimo mbili ambazo kwa maoni yetu zastahili kukataliwa kabla hazijazoeleka zaidi: “ukuta wa moto” na “sera ya kikundi”. Zote mbili zahusu kazi moja, yaani kuzikinga kompyuta nyingi za ofisi na mawasiliano yasiyotakiwa, kwa maagizo yanayotolewa mahali pamoja.

Katika istilahi ya kwanza mfasiri ameyapokea maneno mawili ya Kiingereza akayarudisha mawili ya Kiswahili, wala hakuuliza maana. Ukuta unaotajwa na wajenzi wa Kiingereza si ukuta unaowaka. Ni ukuta usiopitisha moto kutoka sehemu moja ya jengo hadi nyingine. Kiswahili kilikwisha kuonyesha njia kwa neno “zimamoto”, na kama ni kuifuata sitiari ile, “kingamoto” ingalikuwa sahihi. Hebu msomaji amfikirie mtendaji wa kata ya Getanuwas, wilayani Hanang. Katika nyanda zile za wafugaji, ukuta wa moto ni nyasi za kiangazi zinazowaka. Fundi akimwambia kwamba kompyuta yake ina ukuta wa moto, la kwanza atakalotaka ni uzimwe. Na ukizimwa, mashine imebaki wazi.

Hata hivyo “kingamoto” nayo haitoshi, kwani ndani ya kompyuta hakuna moto. Chombo hiki hukagua kila pakiti ya data: yatoka wapi, yaenda wapi, yapitia mlango upi. Yenye ruhusa hupita, isiyo nayo huzuiwa. Mfugaji anayesafirisha ng’ombe aijua kazi hii barabara, maana ndiyo ya kizuizi cha njiani, ambako kibali cha mifugo huangaliwa. Twapendekeza “kizuizi cha mtandao”. “Ngome”, ambayo wengine huipenda, ni neno zuri, lakini ngome humtazama adui wa nje tu.

Jambo hili si la maneno matupu. Kizuizi cha Windows XP, hata baada ya masahihisho ya mwaka 2004, kilikagua yanayoingia tu. Kile cha Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma mwaka 2007, na cha matoleo yaliyofuata, chaweza kukagua pia yanayotoka. Na kanuni zake ziliwekwa mahali pengine, ambapo XP haikuzisoma. Msimamizi aliyekuwa na mashine za aina zote mbili alilazimika kuandika mara mbili.

Istilahi ya pili ni mbaya zaidi. Yakusudiwa kufasiri chombo ambacho Microsoft ilikileta pamoja na Windows 2000 kwa jina la Group Policy. Sera, kwa Mtanzania, ni tamko la nia, mfano Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997. Husubiri sheria na mipango ndipo itekelezwe. Linalotumwa kwa kompyuta ni agizo, nalo halimsubiri mtu. “Kikundi” nacho chapotosha, kwani maagizo haya hayaambatishwi kwenye vikundi vya watumiaji, bali kwenye kituo, kikoa au kitengo.

Wako watakaosema “waraka”, kama waraka utokao Katesh kwenda kata zote za wilaya. Tungaliupokea kwa furaha, lakini katika serikali wa chini hatengui waraka wa juu, na hapa mambo ni kinyume: kompyuta husoma kwanza maagizo yake yenyewe, kisha ya kituo, ya kikoa, na mwisho ya kitengo, na la mwisho ndilo hushinda, isipokuwa la juu limewekewa alama ya kutotenguliwa. “Maagizo ya pamoja” yatosha.

Limebaki neno “wasifu”, ambalo hutumiwa kwa zile hali mbili za kizuizi cha XP, ambazo tangu Vista zimekuwa tatu: kompyuta ikiwa katika kikoa chake, katika mtandao wa faragha, au wa hadhara. Wasifu husomwa juu ya mtu, hasa aliyefariki. Hizi ni hali, na ziitwe hali.