Waliomkatalia padri

Ukitaka kumpima mmishonari, usihesabu aliowabatiza. Tafuta waliomkatalia, uulize walipoteza nini.

Kwa kipimo hicho nilisoma Christianity Rediscovered, kitabu cha 1978 cha Vincent Donovan, padri Mmarekani aliyehubiri kwa Wamaasai wa Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Alipofika katikati ya miaka ya 1960, alikuta misheni ina shule na hospitali. Watu walizitumia, ila dini yenyewe hawakuichukua. Mwaka 1966 alimwandikia askofu wake: aachwe aende maboma akiwa mikono mitupu, azungumze habari za Mungu tu. Wazee wakamuuliza, kama hilo ndilo lililowaleta, mbona mlikaa miaka yote hiyo bila kulisema?

Swali hilo linatuhusu hata sisi wa Nakuru. Huku msaada na mahubiri mara nyingi hushuka kutoka gari moja. Mtu anayekulipia karo akikualika ibada ya Jumapili, utamkatalia kwa mdomo gani? Donovan aliutambua mtego huo. Alifundisha kila wiki kwa takriban mwaka mzima, kisha akawaachia watu waamue. Jamii moja ilikataa, naye akaenda zake. Kwangu, hapo ndipo kitabu kinaposimama.

Pia hajifanyi kwamba alikuta watu wasiojua dini. Wamaasai walikuwa na Enkai na sala zao kabla hajazaliwa, na mazungumzo yake yanaanzia hapo.

Lakini bado nina kesi naye. Kabla ya ubatizo wa boma moja, Donovan alitaka kuchagua nani yuko tayari na nani bado. Mzee Ndangoya akamzuia: jamii imeamini pamoja, itabatizwa pamoja. Donovan alikubali, na wasomaji wengi hupenda sana sehemu hiyo. Mimi nilikwama. Je, msichana wa boma lile aliyetaka kukataa peke yake? Na katika boma lililokataa, je, kijana aliyetaka kukubali? Mzee amesema ndiyo, mzee amesema hapana. Wengine wote tunawasikia kupitia kwake, naye tunamsikia kupitia kwa padri.

Kisome hata hivyo. Ni nadra mhubiri kutuandikia kuhusu waliomkatalia bila kuwaita wapotevu. Sasa nangoja kitabu kingine, kilichoandikwa na mtu wa boma lile.