Mlingoti si Eriali

Katika maandishi ya Kiswahili juu ya mitambo ya redio, maneno mlingoti, mnara na eriali hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Msomaji wa gazeti hadhuriki. Lakini karani anayeandika hati ya kununulia vifaa, akiomba mlingoti, ataletewa bomba la chuma, na redio itabaki kimya.

Tuchukue mfano wa watu wa redio za ridhaa (neno hili tumelikopa kwa wanandondi, nasi twaona lafaa) wanaokusudia kuweka mtambo karibu na Mpanda, mkoani Katavi. Mtambo huo husikia sauti katika masafa fulani na papo hapo kuirusha katika masafa mengine. Katika mawimbi ya mita 2 tofauti iliyozoeleka ni kilohezi 600. Wako wanaouita "kirudishi". Hatukubaliani nao. Kurudisha ni kumpelekea mtu kilichotoka kwake, hali mtambo huu hupeleka mbele, kwa wale ambao vilima vimewazuia kusikiana. Kila mwalimu wa michezo anajua mbio za kupokezana vijiti. Basi uitwe "kipokezanishi". Ni neno refu, lakini halidanganyi.

Sifa ya eriali yenyewe ndiyo yenye taabu zaidi. "Eriali ya kudumu" yaweza kufahamika kuwa ni ile isiyohamishwa, kama tusemavyo "anwani ya kudumu". "Imara" nalo lataja nguvu tu, na eriali haiangushwi na upepo peke yake. Katika miezi ya mvua, tangu Novemba hadi Aprili, maji hupenya katika maungio ya kebo. Alumini ikigusana na shaba penye unyevu, huliwa. Na radi hupenda kilichosimama juu ya vingine. Fimbo ya robo wimbi, yenye urefu wa nusu mita hivi, yaweza kuwa nzima kabisa na kituo kikafa kwa ajili ya ungio moja lisilozibwa.

Wataalamu wa kilimo wametutangulia: husema mbegu zinazostahimili ukame, na ukame wenyewe wameutaja. Hati nayo iandike "eriali inayostahimili maji, kutu na radi". Fundi atajua la kuziba, na mkaguzi atajua la kukagua.

Antena na eriali yote mawili yanaishi. Mfasiri achague moja na asilibadili katika hati ile ile. Mnara ni jengo. Mlingoti ni nguzo tu, iwe ya chuma au ya mninga.